Mashine ikikufunga bao, imefikiri au imehesabu tu?

Mwl_Chake

Wanajukwaa, amani iwe kwenu. Nafundisha hisabati sekondari hapa Chake Chake, Pemba. Juzi kidato cha pili tulikuwa kwenye vipeo, nikawapa mfano wa sataranji ili waone namba zinavyokua. Ukifikiria hatua moja mbele una njia thelathini hivi, hatua mbili ni mia tisa, ukifika hatua ya nne umekaribia milioni. Nikawaeleza kwamba mwezi wa tano mwaka 1997, kule New York, kompyuta ya IBM iitwayo Deep Blue ilimshinda bingwa wa dunia Garry Kasparov kwa pointi tatu na nusu dhidi ya mbili na nusu, na kwamba ilikuwa na uwezo wa kupima mikao milioni 200 kwa sekunde moja.

Mtoto mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono. "Mwalimu, sasa ile ilikuwa inafikiri au inahesabu tu?" Nikamjibu kuwa inahesabu tu. Akasema, "Basi hata sisi hapa tunahesabu tu. Kufikiri ni kitu gani kilichobaki?"

Nimemwahidi jibu. Nimesoma makala za kutosha, na karibu zote zinaishia pande mbili: ama mashine zitatutawala, ama binadamu ana roho na mashine haina. La roho nalijua kwa imani yangu, lakini yule mtoto hakuniuliza hilo. Ninachotafuta ni hiki: mtu anapofikiri, kinatokea nini ambacho ndani ya mashine hakitokei? Mwenye mfano wa kushikika anisaidie, maana hawa watoto maneno matupu hawayakubali.

Simba_Ujiji

Mwalimu usijisumbue. Mashine inafuata maagizo. Anayefikiri ni yule aliyeandika maagizo. Mwambie hivyo muendelee na vipeo.

KeteMkononi

Mwalimu, swali la huyo mtoto limezidi majibu mengi niliyoyasoma, na nakuomba usimjibu tena kwa neno "tu". Mimi ni mpima ardhi mstaafu, naishi Tanga, Ngamiani, na bao nimelicheza tangu udogoni. Kijana wangu alisomea kompyuta Dar, na kazi yake ya mwisho chuoni ilikuwa kuandika programu inayocheza bao la Kiswahili. Nimecheza nayo tangu ikiwa haijui kitu mpaka ilipofika leo. Ninachoandika hapa nimekiona.

Kwa wasiocheza, niseme kidogo. Ubao una mashimo 32 na kete 64. Kila mchezaji ana mistari miwili, wa mbele na wa nyuma. Kete zinazoliwa ni za mbele, za nyuma haziliwi. Na unafungwa mstari wako wa mbele ukibaki mtupu, hata kama nyuma umejaza tele. Kwa hiyo wingi wa kete peke yake si ushindi, na mgeni wa bao huchelewa sana kulielewa jambo hili.

Programu ya kwanza ya kijana wangu ilikuwa ile anayoisema Simba_Ujiji, ya maagizo. Aliiambia kwamba kete nyingi ni bora kuliko kete chache, halafu ikawa inatazama hatua kadhaa mbele na kuchagua njia yenye kete nyingi. Nikaona tabia yake mapema. Nikimwachia kete anazichukua, anazitembeza, zinaishia nyuma ambako haziliwi, na yeye anaridhika. Huku mbele kunapungua. Namwachia tena, anachukua tena. Mwisho nakula shimo la mwisho la mbele na mchezo umekwisha, naye ana kete kuliko mimi. Mechi iliyofuata aliingia mtego uleule, na iliyofuata vilevile.

Siku hizohizo nilikuwa namfundisha mtoto wa jirani. Nilimtega kwa mtego huohuo. Mara ya kwanza alinasa. Mara ya pili alinyoosha mkono kuchukua kete, mkono ukasimama hewani juu ya shimo. Akanitazama usoni, akatazama ubao, akarudisha mkono. Nikamuuliza ameona nini. Akasema hajaona kitu, ila haiwezekani mzee akawa mkarimu kiasi hicho. Mwalimu, mwambie mwanafunzi wako aanze hapo, kwenye ule mkono uliosimama hewani. Yule mtoto hakuwa na uwezo wa kuhesabu hatua tatu mbele. Mechi moja tu ilikuwa imemtosha, na sehemu ya jibu aliichukua usoni kwangu, si ubaoni.

Sasa nisije nikaidhulumu mashine. Baadaye kijana alizifuta zile amri za kete nyingi na kete chache, akaiachia programu kanuni za mchezo peke yake, ikawa inacheza na nafsi yake usiku kucha na kujirekebisha kwa kila ushindi na kila kufungwa. Njia hiyo ndiyo waliyotumia watu wa DeepMind, kampuni ya akili bandia ya Google, mwaka 2017 kwa programu yao ya AlphaGo Zero kwenye Go, mchezo wa kuweka mawe ubaoni wa Asia Mashariki. Tangu hapo nafungwa mara nyingi kuliko ninavyofunga. Na inacheza vizuri, si kwa kubahatisha. Kuna wakati inaiacha nyumba yake, lile shimo maalumu la mstari wa mbele, iliwe na mimi nadhani imepotea, kumbe inanivuta nitoke upande ninaoulinda.

Kwa hiyo ukisema inahesabu tu, hujaieleza. Machi 2016, Seoul, AlphaGo, programu iliyoitangulia AlphaGo Zero, ilipocheza na bingwa wa Go Lee Sedol, hatua ya 37 ya mechi ya pili iliwashangaza watangazaji wakadhani ni kosa. Programu yenyewe ilikuwa imekadiria kwamba uwezekano wa binadamu kucheza pale ni mmoja kati ya elfu kumi, na bado ikacheza, ikashinda. Ubao wa Go una makutano 361, na mikao yake haihesabiki mpaka mwisho na kompyuta yoyote. Ilikuwa imejifunza ni wapi panastahili kutazamwa. Mimi kitu hicho kwa mchezaji wa bao nakiita jicho, na sioni kwa nini nimnyime mashine.

Tofauti ninayoiona mimi iko kwenye uhaba. Ubongo wa mtu una seli za neva zipatazo bilioni 86 na unatumia umeme wa wati kama 20 hivi, pungufu ya balbu za zamani za wati 40. Kichwa kinashika vitu vichache kwa mpigo. Umri ni mfupi. AlphaGo Zero ilijichezea mechi milioni 4.9 ndani ya siku tatu. Mpe Lee Sedol mechi kumi kila siku kwa miaka hamsini, hajafika laki mbili. Na bado kwenye mechi ya nne, kwa ufukara huo wa mifano, alipachika jiwe lake katikati ya mawe ya AlphaGo, hatua ya 78, mahali ambapo programu ilikuwa haipatilii maanani, ikachanganyikiwa mpaka ikashindwa. Jumla alifungwa nne kwa moja, sifichi. Lakini ile moja ilitoka wapi?

Mchezaji wa bao halibebi bao zima kichwani. Mholanzi Alexander de Voogt alikaa Zanzibar na mabingwa wa bao, akatoa tasnifu yake Chuo Kikuu cha Leiden mwaka 1995 kuhusu mipaka ya akili ya hao mabingwa, na katika aliyoyachunguza ni kucheza bila kuutazama ubao. Kwa kompyuta, kukumbuka kete 64 ni kazi isiyo na uzito. Kwa mtu ni kazi ya kutoa jasho, kwa sababu hatua moja inaweza kuzunguka ubao mara kadhaa kabla ya kulala, yaani kuisha, na kila shimo linabadilika. Kwa hiyo mtu analazimika kutupa. Mimi nikicheza vizuri, mashimo 32 siyaoni. Naona mahali pawili patatu penye hatari, mengine yote nimeyaacha. Kujua cha kuacha bila kukipima kwanza ndiyo kazi kubwa ya akili ya mtu, na imetufika kwa sababu hatuna nafasi ya kupima kila kitu.

JengaProgramu254

Mzee shikamoo. Nafanya kazi ya programu hapa Nairobi na nimesoma ulichoandika mara mbili. Hoja yako ya uhaba naiheshimu lakini hesabu zake hazijakaa sawa, niruhusu nikupinge.

Lee Sedol hakuanza na mikono mitupu. Go inachezwa Asia Mashariki kwa zaidi ya miaka elfu mbili. Alikaa chini ya walimu tangu utotoni na akawa mchezaji wa kulipwa akiwa na miaka 12. Mechi za hao wote waliomtangulia zimo ndani ya mafunzo yake, ingawa hakuzicheza mwenyewe. Nyuma ya hapo kuna mamilioni ya miaka ya viumbe kuona, kukimbia na kuwinda, ndiyo iliyoutengeneza huo ubongo wa wati 20. AlphaGo Zero ilipewa kanuni na ubao basi. Tukiweka mezani gharama zote za pande zote mbili, sina hakika ni nani aliyetumia kidogo.

Pia huo mkono uliosimama hewani, ndani yake kuna neva zinazojumlisha na kupima. Hatuzioni, basi tunasema mtoto amehisi. Mashine tunaiona ikifanya hesabu kwa sababu sisi ndio tuliiandika.

Lakini nikupe kitu kinachokusaidia kuliko hatua ya 78. Kuna programu ya Go inaitwa KataGo, yenye nguvu kuliko ile iliyomfunga Lee Sedol. Watafiti waliandika programu nyingine ambayo kazi yake ilikuwa moja, kutafuta udhaifu wa KataGo. Ikaupata. Mwaka 2023 Mmarekani Kellin Pelrine, mchezaji wa ridhaa, akajifunza mbinu hiyo, akakaa mwenyewe bila kompyuta ya kumsaidia, akashinda mechi 14 kati ya 15. Mbinu yenyewe haina ujanja mkubwa. Unaiacha mashine izungushe mawe yake kama duara, wewe unaanza kulizingira duara hilo polepole kwa nje huku unaisumbua kwenye pembe za ubao. Inaendelea kujiona iko salama mpaka duara zima linakatwa. Mchezaji wa kawaida kabisa angeona anazingirwa na kujiokoa.

Hapo mimi ninachokiona si uhaba. Programu ile imecheza mamilioni ya mechi na haikuwahi kupata wazo la kuzingirwa kama wazo. Inajua mikao, haijui duara. Mwalimu, hilo unaweza kulichora ubaoni kwa chaki na darasa litaelewa.

MamaZuu_Kisauni

Mimi si mtaalamu, nafundisha chekechea hapa Mombasa. Niongeze la watoto.

Binti yangu alipokuwa na miaka miwili nilimpeleka ufukweni, akamwona ngamia wa kupandisha wageni. Mmoja, na wala hakumkaribia, alimwogopa. Baada ya muda tukiwa dukani akaona picha ndogo ya ngamia kwenye pakiti, imechorwa kwa mistari michache ya rangi moja, haina manyoya wala macho, kubwa kama kidole gumba. Akasema ngamia. Mtoto wa miaka miwili, ngamia mmoja. Nasikia hizi programu za kutambua picha huonyeshwa maelfu kwa maelfu.

Lakini lililonikaa zaidi ni la jioni ile. Alichukua mto wa kochi akaukalia akauita ngamia, akautembeza sebuleni, kisha akashuka akasema ngamia amechoka tumpe maji. Yule ngamia wa ufukweni hakumwona amechoka wala akinywa. Alichukua kuchoka kwake mwenyewe akampa. Kaka wa Nairobi anasema na hilo ni neva zinajumlisha, na huenda ni kweli, lakini zinajumlisha kitu ambacho mtoto anakijua kwa mwili wake.

KeteMkononi

JengaProgramu254, marahaba mwanangu. La urithi nakubaliana nawe, ni kweli Lee Sedol alirithi. Nami nilirithi. Lakini tazama urithi wenyewe unavyopita. Mjomba wangu aliniambia nikiwa mdogo, "Usiwe na haraka ya kuifungua nyumba yako." Sentensi moja, kati ya kikombe kimoja cha kahawa na kingine. Programu ya kijana wangu nayo sasa haina haraka ya kuifungua nyumba, lakini ililifikia hilo kwa kufungwa mara maelfu. Kwangu mimi sentensi ilifanya kazi ya mechi zote hizo, kwa sababu nilijua mjomba ni nani, nilijua ananitakia mema, na nilijua nyumba ni nini kabla hajamaliza kusema.

Na hizi programu za kuandika maneno nazo zimerithi kwetu, kwa mtindo wake. GPT-3 ya mwaka 2020 ilifundishwa kwa vipande vya maneno kama bilioni 300. Mtoto hata tukisema anasikia maneno 20,000 kila siku ya Mungu, akifika miaka kumi amesikia milioni 73. Na huyo wa miaka kumi anakutania, anakudanganya, anakuombea msamaha.

Mama Zuu, umenigusa pale uliposema kuchoka, kwa sababu kuna jambo nilikuwa sijaliandika.

Kwenye bao, kete ya mwisho ikiangukia kwenye shimo lenye kete unaendelea, ikiangukia kwenye shimo tupu unalala na zamu inahamia kwa mwenzako. Wanahisabati wa michezo hii wanajua kwamba inawezekana, kwa mpangilio wa nadra sana, hatua isilale kabisa. Kete zinazunguka, zinarudi zilivyokuwa, zinazunguka tena. Barazani sijawahi kuiona. Programu ilipokuwa inajichezea usiku, iliikuta. Asubuhi tukakuta kompyuta ina joto kama pasi, feni inalia, na ukurasa wa kumbukumbu umejaa ubao mmoja baada ya mwingine. Kijana alidhani programu bado inafanya kazi kubwa. Mimi nilivaa miwani nikaanza kusoma zile namba mstari kwa mstari, na baada ya muda nikachoka. Nilichoka kwa namna ya pekee, ile ya kusikiliza mtu anayerudia habari. Nikamwambia, "Hii nimeshaisoma." Sikuwa nimelinganisha namba na namba. Kulinganisha kulikuja baada ya kuchoka, na kuchoka ndiko kulikoniambia nilinganishe.

Mashine haikuchoka. Ingekuwa inazungusha mpaka leo. Na hili halimhusu kijana wangu pekee. Mwanahisabati Mwingereza Alan Turing alithibitisha mwaka 1936 kwamba hakuna utaratibu mmoja wa jumla unaoweza kuichukua programu yoyote ile na kukuambia kwa hakika kama itafika mwisho au itazunguka milele. Sisemi binadamu tumeiruka kanuni hiyo, nasi hatuna utaratibu wa jumla. Tuna kuchoka. Kunakosea mara nyingi, kunatuondoa kwenye kazi tuliyopaswa kuimaliza, lakini kunatutoa kwenye mzunguko.

JengaProgramu254

Mzee, hiyo ya kuzunguka ni mistari miwili ya programu. Unaiambia itunze kila mkao iliyopitia ndani ya hatua, ukijirudia isimame. Bao lina mikao yenye kikomo, kwa hiyo itagundua kila mara, na haitakosea kama kuchoka kunavyokosea. La Turing linahusu programu zote kwa ujumla, si bao.

KeteMkononi

Najua, na kijana aliiongeza mistari hiyo siku ileile. Sasa haizunguki. Ninachouliza ni nani aliyejua kuna kitu cha kuongezwa. Programu ilikuwa na kila taarifa niliyokuwa nayo mimi, nayo ilikuwa nazo kwa usahihi zaidi. Haikukosa taarifa. Ilikosa kujali kwamba usiku umepita bila kufika popote. Mtu ana siku zake chache, ndiyo maana usiku ukipotea unamuuma.

Simba_Ujiji

Kwa hiyo mzee unakubaliana na mimi kwamba haifikiri.

KeteMkononi

Hapana ndugu yangu. Ikinivuta kwa nyumba yake nitoke ninapolinda, imefikiri kuhusu bao, na nitamsahihisha yeyote anayeidharau. Nasema inafikiri ndani ya ubao na haijui kwamba kuna nje ya ubao. Yule mtoto wa jirani alikuwa dhaifu ubaoni lakini alijua kuna mzee mbele yake na mzee ana nia.

Mwl_Chake

Mzee wangu na wote, nawashukuru sana. Nimechukua mkono uliosimama hewani na lile duara, vyote vinaingia darasani.

Nimebaki na swali, na najua yule mtoto ataliuliza kabla sijamaliza sentensi. Tuseme mtu anaiwekea programu kipimo cha kuchoka. Ikipita muda bila kusonga mbele, namba fulani inapanda, ikifika juu inaacha na kujaribu kitu kingine. Itakuwa inafikiri kama sisi? Na nikisema hapana, ataniambia kila mashine ikifanya jambo tunahamisha mpaka. Zamani tulisema sataranji ndiyo akili, iliposhinda tukasema sataranji ni hesabu.

Nikiri pia kwamba hizi programu za mazungumzo zinanitatiza. Niliiomba moja methali za Kipemba, ikanipa orodha nzuri, na ndani yake kulikuwa na zilizotungwa hapo hapo ambazo hata bibi yangu hazijui. Sauti ilikuwa ileile kwa za kweli na za kutunga. Mwanafunzi wangu akibahatisha jibu namwona kwenye macho kabla hajafungua mdomo.

JengaProgramu254

Dada, huyo mwanafunzi ana haki kuhusu kuhamisha mpaka. Ni kosa letu la miaka mingi. Turing mwenyewe mwaka 1950 aliona swali la "mashine inaweza kufikiri?" halishikiki, akapendekeza jaribio mahali pake: mtu aandikiane na wawili asiowaona, mmoja mtu na mwingine mashine, tuone kama atawatofautisha. Lilikuwa wazo zuri, lakini mwaka 1966 Joseph Weizenbaum wa MIT akatengeneza programu ya ELIZA, iliyokuwa inakurudishia maneno yako mwenyewe kwa namna ya swali basi, na bado katibu wake, aliyekuwa anajua vizuri ni programu, alimwomba atoke chumbani apate kuzungumza nayo faraghani. Sisi ni wepesi wa kuona akili panapokuwa na maneno. Mama Zuu amesema binti yake alimpa mto wa kochi kuchoka. Nasi watu wazima tunafanya hivyohivyo kwa mashine.

Kuhusu kipimo cha kuchoka, vitu kama hivyo vipo tayari. Kuna programu zinazofundishwa zipendelee mahali pasipotabirika na ziache palipozoeleka. Zinafanya vizuri kwenye michezo fulani. Halafu unaiwekea televisheni yenye chenga ndani ya mchezo, inaganda hapo kuitazama, kwa sababu chenga hazitabiriki kamwe. Hilo limeonekana kwenye majaribio. Mtoto wa Mama Zuu angeondoka baada ya muda mfupi. Lakini nasema wazi, nadhani litarekebishwa, na mimi niko upande wa wanaoamini hakuna ukuta hapo.

Kwa hiyo naomba Mzee KeteMkononi ataje jaribio lake sasa, kabla, ili likipitwa tusihamishe mpaka.

KeteMkononi

Ombi la haki. Nimelifikiria tangu jana na nimezungumza na kijana wangu.

Tutabadilisha kanuni katikati ya mchezo. Mechi inaanza kwa bao la kawaida, na mtaji ukishaanza, yaani awamu ya pili ambapo kete zote zimeshaingia ubaoni, natangaza kwa mdomo, na kwa programu kijana anaiandikia sentensi ileile: tangu sasa kichwa cha kushoto, yaani shimo la mwisho kushoto kwenye mstari wa mbele, hakiliwi, kwa pande zote mbili. Hakuna kuifundisha upya, hakuna kuiacha ijichezee usiku. Wachezaji watatu: programu ya bao, moja ya hizi programu za mazungumzo inayosoma sentensi na kujibu hatua, na yule mtoto wa jirani ambaye sasa yuko darasa la saba. Mpinzani wao mimi.

Sitaangalia nani atashinda, maana najua mtoto nitamfunga. Nitaangalia hatua tano za kwanza baada ya tangazo. Aliyeelewa ataanza kukitumia kichwa cha kushoto kama ghala, kwa sababu sasa ni mahali salama mstari wa mbele, na kwenye bao hilo ni jambo kubwa mno: mbele hapawezi tena kumalizika kwa kuliwa kete zilizopo pale. Mtu hatakiwi kuambiwa hilo. Kanuni yenyewe inalisema kwa anayejua anataka nini.

Programu ya bao nadhani itaendelea kucheza bao la jana, kijana naye anasema hivyohivyo. Ile ya mazungumzo sijui, na hiyo ndiyo ninayoitaka. Ikijaza kichwa cha kushoto yenyewe na isivunje kanuni nyingine njiani, nitaandika hapa kwamba imeelewa, na sitatafuta neno jingine la kuinyima.

JengaProgramu254, kama una muda tusaidiane na kijana namna ya kuuandika ubao kwa maandishi, mashimo yapewe namba ili kusiwe na kisingizio. Yeye ameanza kuhesabu kutoka kichwa cha kulia cha mchezaji, 1 mpaka 8 mbele, 9 mpaka 16 nyuma. Tunacheza Jumamosi baada ya alasiri, na kila hatua nitaiweka kwenye uzi huu.